Redio za zamani hazina zebaki nyekundu

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu ya Kisumu: eti redio kuukuu ya valvu ina "zebaki nyekundu" ya mamilioni, inayokimbia kitunguu saumu na isiyoonekana kwenye kioo. Si kweli. Hakuna kitu cha namna hiyo kilichowahi kuthibitishwa.

Valvu ni zile taa za kioo zilizokuza sauti kabla ya transista. Ndani yake, mara nyingi juu, kuna utando unaong'aa kama fedha. Huo ni bariamu, aina ya metali, kazi yake kufyonza hewa iliyosalia. Shika valvu dirishani uigeuze: zebaki ni ya majimaji, ingetiririka, utando huo haujongei. Kioo kikipasuka, utando hugeuka mweupe. Wekundu nao ni rangi tu, baadhi ya valvu zilipakwa kwa nje. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa.

Kinachoniuma ni redio zinazovunjwa bure, zile zilizowaletea wazee wetu rumba na salamu sebuleni. Na kapasita zake, vile vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme, zaweza kukupiga shoti hata redio ikiwa imechomolewa kwenye umeme.

Tafadhali, usiusambaze ujumbe huo. Aliyekutumia, mweleze kwa upole jaribio la dirishani.