Utoro wa lambo hauwaibii maji

Kila masika yakikaribia nakuta jambo lilelile, watu wameziba utoro wa lambo, ile njia ya kutolea maji yanayozidi, kwa viroba vya mchanga na magogo, ukiuliza unaambiwa "fundi, maji mengi yanatupotea pale." Jamani hapana! Utoro ndio unaolinda tuta. Tuta la udongo halitakiwi kupitiwa na maji kwa juu hata kidogo, yakishavuka tu yanaanza kuchimba upande wa nyuma, yanakata korongo kurudi ndani na baada ya muda mfupi hamna lambo. Ule urefu kutoka sakafu ya utoro mpaka juu ya tuta, kwa malambo mengi kama mita 1 hivi, sio nafasi ya kuhifadhia, ni ya mafuriko na mawimbi, mkipanga viroba nusu mita mmeshakula nusu ya usalama wenu. Na faida yenyewe iko wapi? Huku Dodoma jua linakausha kina cha zaidi ya mita 2 kwa mwaka, yaani ile nusu mita mliyohatarishia kijiji inaisha kwa miezi mitatu hivi, tena kabla ng'ombe hajanywa. Mnataka maji zaidi? Pandeni mkonge na matete huko juu kwenye mikondo inayoshusha tope, tope ndo linalomaliza lambo. Hili nitalisema mpaka nizeeke.

"Lambo dogo la ng'ombe litamuua nani?" Bwawa la udongo la Solai, Nakuru, kule Kenya, lilikuwa la shambani, lilipopasuka usiku wa 9 Mei 2018 walikufa watu zaidi ya 40. Kama kuna nyumba huko chini, nendeni bodi ya maji ya bonde kabla hamjaita greda.

Miti juu ya tuta ili ishike udongo? Msipande. Mgunga ukijiotea ung'oeni ungali mche, mzizi ukioza unaacha tundu na maji yanapita humohumo. Ukoka unatosha.

Kuchimba zaidi nako sio kila mara faida, toeni tope tu, mkitoboa mfinyanzi mkafika kwenye mchanga maji yote yanazama.

Na mkiona maji yanachuruzika kwa nyuma ya tuta, yakingeni kwenye glasi. Yakiwa safi hayana tope na hayaongezeki endeleeni kuyacheki kila siku, ila yakiwa na tope ujue udongo wa tuta unatoka, hamisheni watu wa chini kwanza halafu pigeni simu hapohapo, hata kama ni Jumapili.