Je, wajua kwa nini mama anakuita kula kwa WhatsApp na mko nyumba moja?

Juzi jioni niko nyumbani kwetu Tabata, nimekaa kibarazani natafuna karanga zangu, nikasikia mama jikoni anasema "we baba njoo ule, ugali unapoa", nikajua ananiita mimi nikaanza kunyanyuka, kabla sijasimama vizuri nikaisikia sauti yake tena, ileile, maneno yaleyale, ila safari hii inatokea chumbani kwa dogo. Kumbe mama hakuwa ananiita mimi wala nini, alikuwa anarekodi vosi noti, kamtumia dogo WhatsApp na dogo kaifungulia kwa spika. Kutoka jikoni mpaka mlango wa kile chumba ni hatua 12, nimezihesabu, na kuta zetu mnazijua, ukipiga chafya huku kule wanakujibu afya. Na dogo alijibu eti. Kwa stika.

Wengi tukiona mambo kama haya tunasema basi tena, intaneti imeua maongezi ya familia, vijana wa siku hizi hawana adabu, habari imeisha. Mi naona tunakimbilia. Hebu kumbuka zamani mama alikuwa anamwitaje mtu wa chumbani? Hakuwa anaenda mwenyewe, alikuwa anatuma mtoto, "we, hebu kamwambie kaka yako chakula tayari", mtoto anakimbia anarudi na jibu la kuongeza chumvi, "amesema hataki". Nyumba zetu tangu enzi zinaendeshwa kwa wajumbe. Hela ya shule ulikuwa humwombi mzee uso kwa uso, unapitia kwa mama, na mama anasubiri mzee ale ashibe aegemee kiti ndo alianzishe. Ukipata mchumba unaanza na shangazi au bibi, shangazi anampima mzee wiki nzima, mzee mwenyewe anakuja kuambiwa wa mwisho na anajifanya ndo anasikia leo. Kwa hiyo kijana na simu yake hajakata maongezi yaliyokuwa yamenyooka, amebadilisha mjumbe tu, simu imechukua kazi ya shangazi.

Sasa shangazi alikuwa na kitu simu haina, alikuwa anajua muda. Mwaka jana dogo alipata sapu mbili chuo, yani mitihani miwili ya kurudia, badala ya kumtafuta shangazi akamwandikia baba mwenyewe, saa saba ya usiku, meseji ndeefu kama barua ya kuomba kazi. Baba kaikuta alfajiri kabla hata hajanawa uso. Hakuna aliyemwandaa, hakuna wa kumwambia "mtoto kahangaika sana ujue", kaipokea hivyo hivyo kavu. Mi nikajua leo hapa kutawaka. Saa nzima ikapita, halafu baba akajibu, maneno mawili tu: "Pole. Rudia." Nakwambia katika umri wangu wote sijawahi kusikia pole ikitoka kwenye mdomo wa baba, hata nilipovunjika mkono aliniuliza nilikuwa napanda mwembe wa nani. Kidole chake kikaweza kusema kitu ambacho mdomo wake umeshindwa miaka thelathini, na dogo naye asingethubutu kuyasema yale akiwa amesimama mbele yake, angeficha mpaka mwisho.

Hili swali la intaneti na maongezi ya nyumbani wala sio jipya. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon pale Pittsburgh, Marekani, akiwemo Robert Kraut, walizipa familia kadhaa kompyuta na intaneti halafu wakawa wanazifuatilia. Mwaka 1998 wakatoa matokeo ya watu 169 wa kaya 73, wakasema waliotumia intaneti zaidi maongezi yao na watu wa nyumbani kwao yalipungua, na upweke ukaongezeka kidogo. Magazeti yakashika hapo hapo. Ila 2002 walewale wakarudi na ripoti nyingine, kwamba walipowafuatilia wale watu muda mrefu zaidi yale mabaya mengi yalikuwa yamefifia. Mi sishangai, maana 1995 ukiingia mtandaoni shangazi yako hayuko, binamu hayuko, uko peke yako na wageni. Leo ukoo mzima uko humo, mpaka bibi, na grupu la familia lina watu wengi kuliko wanaokuja msibani.

Ila kuna kitu kimoja nakubali kimeondoka, nacho ni kuangalia kitu kimoja kwa pamoja. Tanzania bara TV zimekuja kuanza 1994 (Zanzibar walitutangulia miaka ishirini hivi, huwa hawaachi kutukumbusha), na mtaani TV ilikuwa moja, watu ishirini sebuleni kwa mwenye nayo, wengine dirishani. Hata zilipoingia nyumba nyingi ilibaki rimoti moja na ugomvi wa rimoti, na ugomvi ule ulikuwa maongezi, mzee anataka taarifa ya habari ya saa mbili, nyie mnataka muvi, mnabishana, mnaishia kuangalia habari na kubishana kuhusu habari. Sasa simu ni kioo cha mtu mmoja, hata ukae naye kochi moja huoni anachoona. Ndo maana siku hizi sebuleni kuna mtu anacheka peke yake ghafla, mama anauliza "unacheka nini?" na jibu ni moja nchi nzima, "hamna kitu". Sio kwamba anaficha, ni kwamba kile kichekesho kinamjibu mtu aliyemjibu mtu mwingine wa wiki iliyopita, kumwelewesha mama kitachukua dakika kumi na mwisho hatacheka. Akiona hivyo anaona bora hamna kitu. Mama yeye anasikia amefungiwa mlango.

Bei ya bando nayo inahusika kuliko tunavyodhani. Bando za usiku zikiwa bei chee kijana asiye na kipato atafanya nini, atakesha, anadaunlodi, anachati, analala watu wanaamka kwenda kazini. Asubuhi kwenye chai hayupo, mchana anaamka watu hawapo, mnapishana kwenye korido kama walinzi wa zamu. Hapo ukimlaumu tabia unamwonea, lawama nyingine zipeleke kwa waliopanga bei.

Halafu kuna hizi tiki za bluu zilizoletwa na WhatsApp mwisho wa 2014, jamani hizi zimegombanisha watu. Kwetu ukisema shikamoo lazima marahaba irudi, salamu isiyojibiwa ni tusi, na mzee akiandika "habari za huko" anakuwa ametoa salamu kabisa, sasa anaona tiki zimegeuka bluu halafu kimya. Kwake yeye ni sawa na kumsalimia mtu njiani akakuangalia usoni akapita. Kwa dogo kusoma ni kusoma tu, atajibu baadae. Na ukizizima zile tiki nawe unakuwa huzioni za wenzako, kwa hiyo wengi wanaziacha tu na kesi zinaendelea.

Cha ajabu, muda ambao dogo na mama wanaongea sana siku hizi ni pale simu ya mama inapokorofisha. Simu imejaa, haipokei picha, kisa ni video za kheri ya Ijumaa za grupu la ukoo, wanakaa wote wawili kwenye mkeka nusu saa wanafuta moja moja, na kila moja mama anaieleza, huyu ni mtoto wa fulani, hii usifute, hii alinitumia marehemu. Au imeingia ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", mama anamfuata mbio, "mwanangu hebu niangalizie, hii ya kweli?" Hata kule Pittsburgh waliliona hili, kwamba kila nyumba inapata fundi wake wa kuulizwa na mara nyingi fundi mwenyewe alikuwa kijana wa nyumba. Mkubwa anaomba, mdogo anafundisha, na akiwa mvivu kufundisha anasema "lete nifanye mwenyewe", kosa kubwa hilo, maana mama anabaki hajui na kesho anarudi.

Kuna siku dogo hakuwa mvivu akajuta. Alikuwa anaficha statasi zake mama asizione, WhatsApp inaruhusu, unachagua watu wako wote waone isipokuwa fulani. Lakini alimsahau binamu, binamu akapiga skrini shoti akaituma kwa mama mkubwa, mama mkubwa akaifikisha, unaona wajumbe hawajafa bado. Mama hakugomba. Alimwita tu kwenye mkeka akampa simu, "hebu nionyeshe mnavyofanyaga, mtu anaweka kitu halafu mwingine hakioni". Dogo kwa aibu akamwelekeza hatua kwa hatua, mama anarudia kwa sauti, bonyeza hapa, chagua jina.

Wiki iliyopita dogo ananiuliza, hivi mbona siku hizi mama haweki statasi, au hana bando? Nikamwambia labda. Mama anaweka kila siku, na ya siku hiyo ilikuwa picha ya dogo mwenyewe amelala kochini saa nane mchana mdomo wazi, ishaonwa na watu 64.