Je, wajua kwa nini gati moja hushusha ngano leo na vichwa vya treni kesho?

Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na makontena 58 juu ya sitaha. Mwenye wazo hilo, Malcom McLean, alikuwa tajiri wa malori aliyechoka kuona mzigo ukishushwa kipande kimoja kimoja. Mwaka huohuo Dar es Salaam ilikuwa inafungua magati yake ya kwanza ya maji ya kina, yaliyojengwa kwa ajili ya kazi ileile ambayo McLean alikuwa anaichimbia kaburi: magunia, marobota ya katani na pamba, mapipa, makreti, na makuli wa kuyabeba.

Kontena likashinda, hilo halina ubishi. Ila gati la kupokea kila kitu, lile la shehena mchanganyiko, halikufa. Dar es Salaam gati namba 8 hadi 11 ni za makontena, lakini gati 1 hadi 7 kwa miaka mingi zimekuwa zikipokea chochote kinachokuja. Hata zilipochimbwa upya na kuimarishwa katika mradi ulioanza 2017, hadi kina cha mita 14.5, hakuna aliyesema zote zigeuzwe za kontena. Kwa nini?

Jibu la kwanza linaonekana kwa macho. Vichwa na mabehewa ya treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, vilikuja kwa meli na kushushwa Dar es Salaam. Mitambo ya bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ilipita bandarini hapohapo, ikiwemo transfoma nzito. Mabomba ya kusafirisha mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, nayo hayapangiki ndani ya kontena. Halafu kuna vinavyoweza kuingia kontena ila hesabu inakataa: ngano, mbolea, klinka ya saruji, salfa inayokwenda kwenye migodi ya shaba ya Kongo. Hiyo ni shehena ya kichele. Humwagwa tumboni mwa meli kama ilivyo, na hutolewa kwa kijiko kikubwa cha chuma kinachoning'inia kwenye kreni, kikaimwaga ndani ya hopa, yaani faneli kubwa, na chini ya hopa lori linasubiri. Kuitia tani 40,000 za ngano kwenye makontena ni kulipia maboksi ambayo ngano haiyahitaji.

Haya, lakini hapo mtu makini atauliza: si kila mzigo ujengewe gati lake? Ngano kwake, klinka kwake, chuma kwake. Hapa ndipo penye jibu lenyewe, na ni jambo la foleni zaidi kuliko la kreni.

Meli haziji kwa ratiba ya saa. Wiki moja zinaweza kufika meli tatu za mbolea kwa sababu msimu wa kupanda umekaribia, na isionekane hata moja ya ngano. Kama kila mzigo una gati lake, meli mbili za mbolea zitatia nanga nje huku gati la ngano liko tupu. Waliowahi kupanga foleni benki wanalijua hili: dirisha moja lina watu kumi, la pili karani anachezea kalamu, na mambo hunyooka pale foleni inapokuwa moja kwa madirisha yote. Meli inayosubiri nangani hula maelfu ya dola kwa siku, na bili hiyo haiishii kwa mwenye meli. Inashuka hadi kwenye bei ya mfuko wa mbolea Mbeya au Lusaka.

UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachoshughulikia biashara na maendeleo, kiliwahi kuwawekea wapangaji wa bandari kipimo cha jambo hili. Gati la shehena mchanganyiko likiwa peke yake, lisitumike zaidi ya asilimia 40 ya muda, la sivyo foleni inavimba. Yakiwa mawili yanayosaidiana, asilimia 50. Yakifika sita na kuendelea, unaweza kuyatumia hadi asilimia 70 bila meli kulala nje sana. Maana yake ni kwamba magati sita yanayopokea kila kitu hufanya kazi kubwa kuliko magati sita ambayo kila moja lina mzigo wake, japo zege ni lilelile na fedha iliyotumika ni ileile. Kwa nchi ambayo hakuna mzigo wake mmoja wenye wingi wa kulishibisha gati zima mwaka mzima, huo si uamuzi mgumu.

Tanga ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi meli kubwa hazikuweza kufika ukingoni. Zilitia nanga mbali na mzigo ukaletwa kwa matishari, yaani kila kitu kilishushwa mara mbili na kulipiwa mara mbili. Bandari ilipochimbwa hadi mita 13 na kujengewa magati mawili yenye jumla ya mita 450, hayakugawanywa kwa aina ya mzigo. Mita 450 zilizonyooka zinaweza kupokea meli mbili za mita 200, au moja ndefu na nyingine ndogo, iwe ya magari, ya makontena au ya klinka. Kwa maoni yangu ule unyoofu wa ukuta una thamani kuliko kreni yoyote, maana kreni unaweza kuihamisha.

Na kweli huhama. Gati la namna hii kwa kawaida halitegemei zile kreni ndefu zinazotembea juu ya reli. Lina kreni za magurudumu zinazoendeshwa kutoka meli hadi meli, ambazo asubuhi zinafungwa kijiko na jioni zinafungwa fremu ya kunyanyulia kontena. Meli nyingi za kichele nazo huja na kreni zao wenyewe. Sakafu ndiyo inayotakiwa kuwa ngumu kupita kawaida, kwa sababu koili moja ya chuma inaweza kuzidi tani 20 na yote imekalia sehemu ndogo tu.

Hasara ipo, tena si ndogo. Kwa makontena, kreni ya magurudumu huachwa mbali na ile ya reli. Kwa ngano, kijiko hakiwezi kushindana na mtambo kamili kama ule wa Mombasa, ambako tangu 2000 nafaka husafiri kwa mkanda kutoka gatini hadi kwenye maghala marefu. Mvua za masika zikianza, vifuniko vya tumbo la meli hufungwa na kazi ya ngano, mbolea au sukari husimama mpaka jua litoke. Na baada ya salfa au makaa ya mawe, gati lazima lifagiwe na kuoshwa kabla ya chakula kugusa pale. Saa za kufagia hazilipi mtu.

Ndiyo maana mzigo ukikua, huhama. Mafuta yalikuwa ya kwanza kupewa mahali pake, kwa sababu ya moto. Kontena likafuata. Magari Dar es Salaam yamejengewa gati namba 0, yanashuka yakiendeshwa na kupaki uwanjani.

Mtwara sasa wako katikati ya hatua hiyo. Korosho huondoka kwa msimu, kuanzia karibu Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka, na kwa muda mrefu miezi iliyobaki gati lilikuwa na kazi chache. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya makaa ya mawe mwaka 2022, makaa ya Ruvuma yakapata wanunuzi ng'ambo, na malori yakaanza kuteremka Mtwara kwa wingi. Gati lililokuwepo likayapokea bila kusubiri kujengwa kitu kipya. Lingekuwa la makontena pekee, biashara hiyo ingepita hivihivi. Lakini vumbi jeusi na korosho ya kuliwa havikai pamoja kwa amani, na mji uko karibu. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari ikaja na mpango wa bandari nyingine Kisiwa Mgao, kwa ajili ya kile wanachokiita shehena chafu: makaa, klinka na jamaa zao. Makaa yakihamia huko, gati la Mtwara litabaki na korosho na nafasi ya mzigo ambao bado haujulikani ni upi.