Jinsi ya kumfuatilia Mholanzi aliyeolewa na askari wa Kanada

Vita vilipoisha Mei 1945, wanajeshi wa Kanada waliokuwa Uholanzi walikaa miezi mingi wakisubiri meli za kuwarudisha kwao, na ndoa nyingi zilifungwa wakati huo. Serikali ya Kanada ilihesabu wake 1,886 wa Kiholanzi. Wake wa Kiingereza walikaribia 45,000, ndiyo maana hawa wachache humezwa katika simulizi za wenzao. Nasikitika kila ninapoona jamaa wakikata tamaa mapema, maana nyaraka zao zipo.

Kinachowapoteza watafutaji hasa ni jina. Nyaraka za Uholanzi humwandika mwanamke kwa jina la ukoo alikozaliwa mpaka kufa kwake. Za Kanada humwandika kwa jina la mume. Kisha kuna tahajia. Chukua jina la kubuni, Cornelia van Dijk. Kwenye faharasa za Kiholanzi yumo chini ya D, kwa kuwa "van" haihesabiwi katika kupanga majina. Kanada yumo chini ya V, na ile "ij" karani ameigeuza "y": Van Dyk. Tena nyumbani hakuna aliyemwita Cornelia. Aliitwa Corrie, na huenda hilo ndilo alilolitaja alipoulizwa jina. Andika kwanza majina yote yanayowezekana, ndipo utafute.

Mimi huanza na hati ya ndoa. Uholanzi, ndoa inayotambulika kisheria hufungwa mbele ya ofisa wa manispaa, ya kanisani hufuata baadaye. Kwa hiyo usianzie parokiani. Rejista za ndoa hufunguliwa baada ya miaka 75, hivyo za 1945 na 1946 ziko wazi. Faharasa ya WieWasWie, tovuti ya Kiholanzi ya kutafutia mababu, itakupa tarehe na mahali, lakini usiishie hapo. Fungua picha ya hati yenyewe: utaona kazi za wazazi, saini za mashahidi, na pembeni, kama ndoa ilivunjwa, maandishi ya talaka.

Kwa upande wa mume, askari hakuruhusiwa kuoa bila kibali cha kamanda wake. Kitafute katika jalada lake la utumishi, lililoko Library and Archives Canada, hifadhi ya nyaraka ya taifa. Kama hajatimiza miaka 20 tangu afariki, masharti ya kulisoma ni makali zaidi. Nauli ya mke ililipwa na serikali ya Kanada, na wengi waliteremkia Halifax, gati namba 21. Orodha za abiria za kuanzia 1936 ziko wizara ya uhamiaji, si kwenye hifadhi ya nyaraka.

Wengi pia hupoteza miezi wakitafuta maombi yake ya uraia. Kwa aliyeingia Kanada kabla ya 1947, kwa kawaida hayapo. Amri ya Februari 1945 ilimpa hadhi ya mumewe, na sheria ya uraia iliyoanza tarehe 1 Januari 1947 ikamtambua kuwa raia.

Uholanzi nayo ilikuwa imeshamfuta. Kwa sheria yake ya 1892, mwanamke alifuata uraia wa mume, kwa hiyo aliyeolewa na Mkanada aliamka kesho yake akiwa mgeni katika mji aliozaliwa. Mume akifa au wakiachana, alikuwa na mwaka mmoja wa kutoa taarifa ili arudishiwe uraia wake wa Uholanzi. Kama unajua alirudi kwao, tafuta taarifa hiyo katika nyaraka za miezi 12 ya kwanza baada ya ndoa kukoma. Mwaka ukipita, njia hiyo ilifungwa.