Mshauri na mteja wa jamii ya wachache: dhana zinazopotosha

Mteja wa ushauri nasaha, mtu wa jamii iliyo na watu wachache katika nchi anayoishi, anakuja mara moja. Anaitikia "sawa" kwa kila anachoambiwa, anaaga kwa heshima, halafu harudi. Kwenye faili lake inaandikwa: hakuwa tayari kwa matibabu. Maneno hayo yamefunga mafaili mengi, na mara nyingi si ya kweli.

Dhana: Asiyerudi hataki kupona.

Katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia Stanley Sue alipitia kumbukumbu za vituo vya afya ya akili katika eneo la Seattle, Marekani. Karibu nusu ya wateja wa jamii za wachache hawakurudi baada ya kikao cha kwanza. Kwa wateja Wazungu, ambao hawakurudi walikuwa takriban asilimia 30. Watu wa asili mbalimbali, wasiofahamiana, hawawezi kuwa wakaidi kwa mkupuo. Kuna jambo lilikuwa linawakuta mle chumbani.

Dhana: Mshauri akiwa kazini huacha utamaduni wake mlangoni.

Hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu wanaoiamini ni watu wema. Hebu tuangalie ushauri wenyewe. Kumfungulia moyo mtu usiyemjua, kuamua peke yako, kuhesabu kujitenga na wazazi kuwa ndiyo kukomaa: yote hayo ni mila. Ni mila tu ambazo mshauri amezizoea hadi hazioni tena.

Binti wa miaka ishirini na mitano anasema, "Kuhusu hiyo kazi, nitamsikiliza baba kwanza." Mshauri anaandika: hajajitegemea. Wiki inayofuata anamfundisha binti kuweka mipaka na baba yake. Binti anatikisa kichwa kukubali, akiangalia sakafu, na mshauri anaandika tena: anakwepa. Hakuna alichokwepa. Kwao mtu hamkodolei macho aliyemzidi umri, na kumshirikisha baba katika jambo zito ni dalili ya utu uzima. Swali moja tu lingetosha: "Kwenu uamuzi kama huu hupita kwa nani?" Huenda binti angejibu kwamba baba humsikiliza sana, au kwamba yeye binti anamwogopa baba. Haya ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa, na bila kuuliza huwezi kuyatofautisha.

Mwaka 1998 madaktari Melanie Tervalon na Jann Murray-García walipendekeza unyenyekevu wa kitamaduni: mtaalamu ajichunguze maisha yake yote, akikumbuka kwamba mwenye mamlaka pale ni yeye. Naona walikuwa sahihi. Semina ya siku mbili kuhusu "tabia za watu wa jamii fulani" inaweza hata kuharibu, maana mshauri hutoka nayo akidhani anamjua mtu ambaye bado hajakutana naye.

Dhana: Dawa ni kumpa kila mteja mshauri wa asili yake.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na Raquel Cabral na Timothy Smith mwaka 2011 ulionyesha kwamba wateja wengi hupendelea mshauri wa asili yao, ila kwa nafuu wanayopata tofauti ni ndogo mno. Mteja akiomba hivyo, apewe kama yupo. Ila asiwepo, hicho si kisingizio cha mshauri aliyepo kulegea.

Dhana: Kutomwamini mshauri ni sehemu ya ugonjwa.

Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, idara ya afya ya umma ya Marekani iliwafuatilia mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kuwa tiba inayojulikana. Familia hukumbuka mambo kama haya. Mtu anayeuliza "unaandika nini hapo, na nani atasoma?" anastahili kujibiwa kikamilifu kabla ya kuulizwa kingine chochote.

Dhana: Wanaolalamikia mwili hawana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito.

Sisi wenyewe husema "ana mawazo", na kila mtu anaelewa kwamba huyo mtu hali vizuri wala halali. Wengine husema kifua kinabana, kichwa kinawaka moto. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili uliotoka 2013, una mahojiano ya maswali 16 kuhusu utamaduni. Humo mgonjwa huulizwa tatizo lake yeye analiitaje na anadhani limetokana na nini. Yaulizwe.

Dhana: Lugha ikigoma, mtoto wake atatafsiri.

Hapana. Mvulana wa miaka kumi na miwili amekaa katikati, mama anaeleza usiku ambao alitaka kufa, na mtoto anageuka kwa mshauri na kusema, "Anasema amechoka." Amemlinda mama yake, na hatari yote imebaki imefichika. Naye atakwenda nyumbani na maneno yale, akalale nayo.

Atafutwe mkalimani aliyefunzwa na kufungwa na kiapo cha siri. Akae pembeni kidogo. Mshauri amtazame mama na kumwambia "wewe unajisikiaje," si kumgeukia mkalimani na kusema "muulize anajisikiaje". Na mama akisema moyo wake umezama, mkalimani aseme hivyo hivyo: moyo wake umezama. Kuuliza umezama wapi, na tangu lini, ni kazi ya mshauri.