Kwa Nini Miti Hairuhusiwi Juu ya Bomba la Gesi

Katika maonesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya Themi, Njiro, jijini Arusha, swali lililorudiwa zaidi bandani kwetu lilihusu miti. Wananchi waliuliza, wengine kwa ukali, inakuwaje sisi wasafirishaji wa gesi asilia tujinadi kutunza mazingira huku tukikataza watu kupanda miti juu ya bomba. Baadhi yao ni wakazi wa Arusha na Moshi walionunua viwanja Mkuranga, Kibiti na Kilwa, wilaya ambazo bomba la kutoka Madimba, Mtwara, hadi Kinyerezi, Dar es Salaam, linazipitia.

Bomba hilo ni la chuma lililovikwa utando wa plastiki. Mzee mmoja alikwaruza kwa ukucha kipande tulichokiweka mezani, akaridhika kwamba ni kigumu. Ni kweli ni kigumu, lakini mzizi wa mparachichi au mkorosho haukwaruzi mara moja ukaondoka; hunenepa mwaka hadi mwaka ukiusukuma utando hadi uchubuke, unyevu ufike kwenye chuma na kutu ianze. Mkondo mdogo wa umeme tunaoupitisha kwenye bomba hupunguza kasi ya kutu, ila haukusudiwi kuwa mbadala wa utando. Ndiyo maana mkuza, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya bomba, huachiwa nyasi, ambazo mizizi yake mifupi hushika udongo usichukuliwe na mvua za masika. Kwa sababu hiyo hiyo, mtaro unapochimbwa, udongo wa juu wenye rutuba hutengwa na ule wa chini, na wakati wa kufukia hurudishwa mwisho. Ukichanganywa, hata nyasi hazioti vizuri.

Kuvuja kwa gesi ni suala la mazingira hata pale ambapo hakuna moto. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, ambayo katika kipindi cha miaka 20 hupasha joto angahewa zaidi ya mara 80 ya uzito ule ule wa kaboni dioksidi. Gesi hii ikichomwa kuzalisha umeme hutoa takribani nusu ya kaboni dioksidi inayotolewa na makaa ya mawe, lakini nafuu hiyo hupotea ikiwa bomba linavuja.

Tumelieleza mara nyingi, na inachosha kulirudia: gesi hii siyo ile ya mtungi wa jikoni. Ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. Methani ni nyepesi na hupanda juu. Tena gesi asilia kwa asili yake haina harufu, hivyo anayesubiri kunusa ndipo atoe taarifa anaweza kusubiri bure. Dalili za kuangalia ni nyasi zinazokauka sehemu moja wakati wa mvua, mapovu kwenye maji yaliyotuama, na mlio wa kufoka kutoka ardhini. Akiziona, mwananchi aondoke eneo hilo bila kuwasha kiberiti wala pikipiki, kisha atoe taarifa akiwa mbali.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 81, inautaka mradi wa aina hii ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na leseni ya mamlaka nyingine haiondoi sharti hilo. Kifungu cha 57 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hakiwahusu wakulima peke yao, kama wengi wanavyodhani. Anayekiuka sheria hii, awe kampuni au mtu binafsi, anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili.

Mnunuzi wa kiwanja anashauriwa kufika ofisi ya ardhi ya halmashauri husika, akiwa na mchoro wa kiwanja, ili alinganishe mipaka yake na ya mkuza kabla ya kulipa. Maneno ya dalali hayatoshi. Aliyekwisha kununua na kupanda miti ndani ya mkuza aandike barua kupitia ofisi ya kijiji na kusubiri wakaguzi, asiing'oe mwenyewe, kwa kuwa jembe na sururu vimekwaruza mabomba mengi kuliko mizizi.