Kadi za mapenzi za kale: tunayoyasadiki na yanayosemwa na karatasi yenyewe

Kila ifikapo Februari husikika lawama ile ile: kadi za Siku ya Wapendanao ni mtego wa wafanyabiashara wa Marekani, umebuniwa juzijuzi ili watu watoe fedha. Kampuni inayobebeshwa mzigo huo zaidi ni Hallmark, iliyoanza 1910. Kufikia mwaka huo kadi hizi zilikwisha pita karne nzima. Jumba la makumbusho la York Castle, Uingereza, linayo moja iliyochapwa London Januari 1797. Picha zake zilipakwa rangi kwa mkono, na pembe zake zikatobolewa matundu madogo madogo ili ifanane na lesi.

Kadi hiyo hiyo yaangusha dhana nyingine, kwamba watu wa zamani walijua kubembeleza kuliko sisi. Mwanamke aliyeituma hakutunga beti. Alimweleza Bwana Brown kwamba amemwita mara nyingi na haji, bila shaka ana sababu zake. Lakini yeye ana neno la kumwambia, basi Jumapili ijayo aje bila kukosa. Maneno hayo hunigusa kuliko shairi lililochapwa kwenye kadi. Shairi liliuzwa kwa yeyote mwenye fedha, bali Jumapili ile ilikuwa yake.

Wengi pia husimulia kwamba Valentine ya kwanza, yaani ujumbe wa mapenzi wa siku hiyo, ilikuwa shairi la Charles wa Orléans, kabaila Mfaransa aliyekuwa mfungwa katika Mnara wa London, akimwandikia mkewe Februari 1415. Haiwezekani: Charles alitekwa katika vita vya Agincourt, na vita hivyo vilipiganwa Oktoba mwaka huo. Tena shairi lenyewe si la mume anayemlilia mkewe. Anasema amechoshwa na mapenzi, na kwamba mwanamke anayemwandikia alizaliwa akiwa amechelewa mno kwake. Anayetaka maneno ya mapenzi ya zama hizo na ayatafute katika barua ya Kiingereza ya Februari 1477, ambayo Margery Brews alimpelekea mchumba wake, John Paston. Anamwita Valentine wake mpendwa, na papo hapo anahangaikia mali ya ndoa, iliyotolewa na upande wa bibi arusi, ambayo baba yake hataki kuiongeza, akimwomba asimwache kwa sababu hiyo. Mapenzi na mali katika karatasi moja!

Kilichozifanya kadi zifurike Uingereza ni posta. Kabla ya 1840 kwa kawaida mpokeaji ndiye aliyelipa, na bei ilipanda kwa umbali. Mwaka huo ukaja utaratibu wa barua kwenda popote nchini kwa peni moja, ikilipwa na mtumaji.

Sasa ile dhana ninayoikuta mara nyingi: mtu akiona kadi yenye lesi ya karatasi, utepe na maua yaliyobandikwa, husema mpenzi mwenyewe alikesha akiitengeneza. Wapo waliofanya hivyo. Lakini nyingi zilitoka mezani kwa wanawake wa kazi. Huko Worcester, Massachusetts, mwishoni mwa miaka ya 1840, Esther Howland alianza kuunda kadi kwa lesi iliyoagizwa Uingereza. Inasimuliwa kwamba alitumaini kupata oda za dola 200, kaka yake akarudi safarini na za dola 5,000. Akakusanya wanawake, kila mmoja na kazi yake: huyu akata picha, yule apaka gundi, mwingine apanga tabaka za lesi. Huitwa mama wa kadi hizi Marekani, ingawa hakuwa wa kwanza kuzitengeneza huko. Yeye mwenyewe hakuolewa.

Wala si zote zilikuwa tamu. Zilikuwapo kadi za bei rahisi zenye katuni na mashairi ya kejeli, zikitumwa bila jina kwa mlevi, mzee asiyeoa au mwanamke aliyedhaniwa anajidai. Ajuaye jinsi jina la khanga linavyoweza kumchoma jirani hatashangaa.

Karibu na kadi hizi kuna visanduku vya pembe nane vilivyopambwa kwa makombe ya baharini, viitwavyo Valentine za mabaharia. Ilidhaniwa mabaharia walivipanga wenyewe katika safari ndefu. Vingi vilitengenezwa Barbados na kuuzwa kwa mabaharia waliotia nanga huko. Miongoni mwa ushahidi ni magazeti ya Barbados yaliyokutwa yamebandikwa ndani, nyuma ya makombe.

Ndiyo maana husikitika nikisikia mtu amefuta mwandiko wa penseli nyuma ya kadi ili “isafike”, au amebandua karatasi chakavu ya nyuma akaitupa. Ukirithi kadi ya namna hii, iweke mbali na jua, usiizibe kwa selotepu, na mwandiko uache kama ulivyoukuta.